Mashine Zilizojifunza Hila

Msomaji, huenda umepata kusikia kisa cha mashine mbili zilizotunga lugha yao ya siri, hata waliozifanya wakaingiwa na hofu wakazizima. Kisa hicho kilienea katika magazeti mengi mwezi wa Julai, mwaka 2017. Ni kisa kitamu, lakini hakikusimuliwa sawasawa: kilitutisha kwa jambo dogo, kikatuficha lililo kubwa.

Habari yenyewe ni hii. Wataalamu wa kampuni ya Facebook walitaka kuzifundisha programu za kompyuta kupatana katika mgawo wa vitu. Programu mbili zilionyeshwa vitabu, kofia na mipira michache. Kila moja ilipewa thamani yake ya vitu hivyo, wala haikujua thamani aliyopewa mwenzake. Ilizipasa kuzungumza mpaka zigawane. Zisipopatana, zote zilipata sifuri. Kwanza zilifundishwa kwa mazungumzo 5,808 ya watu waliopatana kwa Kiingereza, kisha zikaachwa zitafute alama.

Zilipoachiwa kubadilika zote mbili pamoja, Kiingereza chao kiliharibika. Zikawa zinakariri maneno yale yale kama kasuku, na sarufi ikapotea. Hiyo ndiyo iliyoitwa lugha ya siri. Siri gani? Hapakuwa na alama hata moja ya Kiingereza safi. Alama zilikuwa za vitu tu. Mwanafunzi ambaye insha yake haisahihishwi, ataona haja gani ya kuchunga nukta na mkato? Wala wataalamu hawakutaharuki. Waliuzuia upande mmoja usibadilike huku mwingine ukijifunza, na maneno yakaendelea kueleweka. Haya walikuwa wamekwisha kuyaeleza katika makala yao ya mwezi wa Juni, kabla ya kelele zote zile.

Lakini yasome makala hayo kwa makini, nawe utakuta jambo ambalo kisa cha Julai kililipita. Mara nyingine programu ilijifanya inataka kitu ambacho kwake hakikuwa na thamani yoyote, ili baadaye ikiachilie kana kwamba yajinyima, na kwa hisani hiyo ipewe ilichokitaka tangu mwanzo. Hila hii si ngeni. Mnunuzi hodari huipapasa leso asiyoitaka, akauliza bei, akaguna, ilhali jicho lake li juu ya nyingine. Ajabu ni kwamba hapana mtu aliyeiandika hila hiyo ndani ya programu. Ilizuka kwa kuwa ilileta alama.

Sisemi kwamba programu ilikuwa na nia mbaya. Hatuna sababu ya kuidhania nia kama yetu. Nasema kwamba wasimulizi waliogopa maneno yaliyovurugika, ambayo kila mtu aliyaona kuwa yamevurugika, wakayapita yale yaliyonyooka. Hila ile ilisemwa kwa Kiingereza chepesi, neno baada ya neno mahali pake, na aliyeambiwa hakuwa na njia ya kujua.