Damu, Ridhaa na Mumiani: Uhakiki wa Lugha ya Utafiti wa Tiba kwa Kurejelea Ulyankulu

4.1 Utangulizi

Simulizi za mumiani zimezoeleka kuwekwa katika mafungu mawili. Wahakiki wa fasihi simulizi huzihesabu miongoni mwa tetesi za kutisha, zisizo na umbo la kutosha kuitwa utanzu. Watafiti wa tiba huzihesabu miongoni mwa vikwazo vya kazi ya uwandani, pamoja na mvua na ubovu wa barabara. Mafungu hayo yanakubaliana katika jambo moja, kwamba msimulizi wa mumiani hana hoja. Sehemu hii inapinga makubaliano hayo. Inadai kwamba simulizi hizo ni uhakiki wa lugha ya utafiti uliotangulia kufanywa na watu ambao damu yao ndiyo iliyohitajika, na kwamba fomu ya ridhaa inayotumiwa na vyuo vikuu leo haiwezi kutathminiwa vema bila kusomwa sambamba nazo.

Matini tatu zinahakikiwa: kidahizo cha mumiani katika kamusi ya 1939, taarifa ya kisayansi ya jaribio la malale la Tinde iliyochapishwa 1946, na fomu ya ridhaa kama utanzu wa maandishi. Usomaji unaongozwa na Nadharia ya Mwitikio wa Msomaji, hususan wazo la Wolfgang Iser kwamba kila matini hudokeza msomaji wake, yaani humjenga mtu ambaye matini hiyo inamhitaji ili ieleweke. Ulyankulu, iliyomo katika Wilaya ya Kaliua mkoani Tabora, inatumika kama kipimo. Swali linaloulizwa kwa kila matini ni iwapo msomaji inayemdokeza anaweza kuwa mkazi wa Ulyankulu.

4.2 Ulyankulu kama mazingira ya usomaji

Uteuzi wa Ulyankulu una sababu. Eneo hili limo katika nchi iliyotawaliwa na Mtemi Mirambo hadi kifo chake mwaka 1884, kaskazini-magharibi ya Unyanyembe, palipokuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pembe, vitambaa na watumwa juu ya mabega na miguu ya watu, nayo ilipitisha pia maradhi na dawa. Daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society alifika Urambo mwaka 1879 na kutibu huko hadi kifo chake mwaka 1882. Kwa hiyo tiba ya kigeni haikuanza hapa na ukoloni. Ilianza kama mgeni wa mtemi, aliyekaa kwa idhini yake.

Hali ilibadilika katika karne ya 20. Baada ya malale kutambuliwa Maswa mwaka 1922, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kuwahamisha wakazi wa misitu ya miombo ya magharibi na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwatenga na mbung'o. Daktari George Maclean, ofisa wa malale, ndiye aliyekuwa mtetezi mkuu wa sera hiyo. Mtu alihamishwa kutoka kwenye makaburi ya wazee wake kwa amri iliyotolewa kwa jina la afya yake. Misitu iliyobaki na watu wachache ndiyo iliyoonekana, nusu karne baadaye, kuwa ardhi ya kuwapa wageni. Mwaka 1972 makazi ya Ulyankulu yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi.

Makazi hayo yalichorwa kwenye karatasi kabla ya kukaliwa. Mitaa yake ilipewa namba, na mojawapo ya namba hizo, Barabara ya 13, imejulikana nchini kote kupitia jina la kwaya. Katika mazingira hayo karatasi ilitangulia nyumba. Orodha, kadi na dole gumba vilikuwa masharti ya kuwapo. Jambo hili litarejewa katika 4.5.

4.3 Matini ya kwanza: kidahizo

Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 inaeleza mumiani kwa hatua mbili. Kwanza, ni kitu cheusi kama utomvu, kinachosemekana kutoka Uajemi, kinachopakwa au kunywewa pamoja na samli kutibu mivunjiko na maumivu. Pili, inaelezwa kwamba wenyeji wengi wanaamini kitu hicho ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi ukianza watu hawatoki nje usiku. Mtunzi anaweka umbali kati yake na imani hiyo: hatua ya kwanza ni maelezo, ya pili ni yale wanayoyaamini wengine.

Hata hivyo, kidahizo kinabeba zaidi ya nia ya mtunzi wake. Neno lilianza kuwa jina la dawa, kisha likawa jina la kitisho, na baadaye likawa jina la mtu anayewinda damu. Mwendo huu wa maana si wa ovyo. Unafuata swali moja linaloulizwa kwa mfululizo: dawa hii imetengenezwa kwa nini? Kwa nani? Nani ametumwa kuitafuta? Watu waliokwisha kuona binadamu akiuzwa kama bidhaa kwenye njia ya misafara hawakuhitaji ubunifu mkubwa kufikiri kwamba damu nayo ingeweza kuwa bidhaa. Simulizi inatamka jambo ambalo kidahizo kinalinyamazia, kwamba nyuma ya dawa kuna mwili wa mtu mwingine.

Luise White (2000) amezisoma simulizi za aina hii kutoka Afrika Mashariki na Kati kama ushahidi wa kihistoria, na kuonyesha jinsi zinavyoeleza kazi, zana na mamlaka ya kikoloni. Mchango wake ni mkubwa, ila shabaha yake ni historia na si kanuni za utanzu. Kwa mhakiki wa fasihi, kinachovutia ni kwamba simulizi za mumiani hazina shujaa na mara nyingi hazina mwisho. Mhusika mkuu ni mwajiriwa: dereva, msaidizi, mtu wa zimamoto. Anayenunua damu haonekani. Muundo huo wenyewe ni hoja. Unasema kwamba anayechukua anaonekana, lakini anayefaidika yuko mbali.

4.4 Matini ya pili: taarifa ya Tinde

Tinde, katika Shinyanga, ilikuwa na maabara ambamo kuanzia miaka ya 1930 J. F. Corson na waliomfuata waliendesha jaribio la muda mrefu. Aina moja ya vimelea vya malale ilipitishwa kutoka mnyama hadi mnyama kwa kuumwa na mbung'o, na kila baada ya kipindi ikajaribiwa kwa binadamu waliotajwa kuwa wa kujitolea, ili kujua kama vimelea hivyo vingepoteza uwezo wa kumwambukiza mtu. Swali lilikuwa zito na la haki. Iwapo vimelea vinavyoishi katika wanyama vinabaki hatari kwa binadamu kwa miaka mingi, basi kuwahamisha watu peke yake hakumalizi malale. Jibu lilikuwa kwamba uwezo huo ulidumu.

Taarifa ya Fairbairn na Burtt ya 1946 inahusu uambukizaji huo kwa binadamu baada ya vimelea kupitishwa katika kondoo na paa, pamoja na kiasi cha chini cha vimelea kinachohitajika kumwambukiza mtu. Kisarufi, mada yenyewe inampanga binadamu katika safu moja na wanyama hao. Wote ni vituo ambavyo kimelea anapita. Mtendaji wa sentensi ni kimelea. Binadamu ni mahali. Sarufi hiyo si ukatili wa waandishi. Ni kaida ya utanzu wa taarifa ya kisayansi, ambayo hudokeza msomaji mwenye haja ya kujua kimelea kinafanya nini. Lakini kaida hiyo ina gharama. Neno "kujitolea" linawekwa bila kuelezwa. Kujitolea kwa nani? Baada ya kuambiwa nini, katika lugha ipi, na mtu aliyekuwa na mamlaka gani juu ya mjitoleaji? Taarifa ilitoka mwaka mmoja kabla ya Kanuni ya Nuremberg ya 1947 kuifanya ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza la majaribio kwa binadamu. Ukimya wake ni wa zama zake, lakini bado ni ukimya.

Hapa ndipo matini mbili za mwanzo zinapojibizana. Taarifa ya Tinde inaeleza kwa usahihi mkubwa kilichofanyika na haisemi lolote kuhusu aliyefanyiwa. Simulizi ya mumiani inakosea karibu kila kitu kuhusu kilichofanyika, lakini inasema jambo la kweli kuhusu aliyefanyiwa: hakuulizwa kwa namna ambayo angeweza kukataa. Kila matini ina pengo pale penye nguvu ya mwenzake.

4.5 Matini ya tatu: fomu ya ridhaa

Fomu ya ridhaa iliundwa kuziba pengo hilo. Nchini Tanzania utafiti wa tiba hupitiwa na kamati za maadili za vyuo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na katika ngazi ya taifa na kamati iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Fomu ya Kiswahili ni sehemu ya masharti. Hayo ni mafanikio ambayo uhakiki huu hauyabezi. Kinachohakikiwa ni uteuzi wa maneno.

Mfano wa kwanza ni kitenzi cha damu. Kuna tofauti kati ya "utachukuliwa damu", "utatoa damu" na "utachangia damu". Cha kwanza kinamfanya msomaji kuwa mtendwa, na kinagusa moja kwa moja sarufi ya mumiani. Cha pili kinamrudishia utendaji. Cha tatu kinaonekana kuwa cha heshima kuliko vyote, lakini ndicho chenye mtego. Katika maisha ya kijiji cha Tanzania, mchango ni wa hiari kwa jina. Mchango wa darasa, wa zahanati au wa mwenge huandikwa kwenye daftari, na asiyetoa hujulikana. Anayeambiwa "achangie" anaweza kusikia wito usiokataliwa.

Mfano wa pili ni "umechaguliwa kushiriki". Kuchaguliwa ni heshima, au ni kura iliyomwangukia mtu. Kwa vyovyote, uamuzi umekwisha kufanyika kabla msomaji hajafika kwenye sentensi. "Unaombwa" lingeacha mlango wazi, kwa sababu ombi hujibiwa kwa ndiyo au hapana.

Mfano wa tatu ni sentensi ya kaida isemayo kwamba kukataa hakutaathiri huduma. Msomaji anayedokezwa na sentensi hii ni mtu ambaye karatasi haijawahi kumhamisha. Mkazi wa Ulyankulu ana historia nyingine. Kuanzia 2007 wakimbizi wa 1972 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walitakiwa kuchagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia. Zaidi ya watu 160,000 walikubaliwa mwaka 2010, lakini vyeti vilicheleweshwa, na kwa muda viliambatanishwa na sharti la kuhama makazi. Ugawaji ulianza mwaka 2014. Kwa miaka hiyo mtu alikuwa amejaza fomu, amekubaliwa, na bado hakuwa na cheti mkononi. Kumwambia msomaji huyo kwamba fomu hii haina matokeo ni kumwomba asahau fomu zote zilizotangulia.

Lugha inaongeza tatizo. Kiswahili cha fomu kinamkuta mzee ambaye lugha yake ya moyoni ni Kirundi, na jirani yake ambaye ni Mnyamwezi. Wawili hao wana neno la asili moja kwa mganga: mfumu kwa Kinyamwezi, umupfumu kwa Kirundi. Hawana neno la pamoja kwa ridhaa. Maneno ya kutibiwa yamekutana. Maneno ya kutafitiwa yanafika yote kutoka ofisini. Melissa Graboyes (2015) ameonyesha kwamba katika historia ya utafiti wa Afrika Mashariki pande mbili ziliingia makubaliano kwa tafsiri tofauti: watafiti waliona ushiriki, wenyeji wengi waliona mabadilishano ambamo damu inalipwa kwa tiba. Fomu inayosema "hakuna malipo" bila kusema kama kuna tiba inaiacha tafsiri hiyo ya pili ijijaze yenyewe.

4.6 Pingamizi na mipaka ya hoja

Inaweza kupingwa kwamba usomaji huu unaitukuza tetesi inayoua. Pingamizi hilo lina uzito. Oktoba 2016 watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian pamoja na dereva wao waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, Dodoma, wakidhaniwa kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Hakuna nadharia ya fasihi inayoweza kuyapunguza mauaji hayo kuwa sitiari. Waliokufa hawakuchukua damu ya mtu.

Lakini tukio hilo linaunga mkono haja ya uhakiki. Simulizi ya mumiani haichagui. Ikikosa mahali pa kusikilizwa kama swali, hurudi kama hukumu, nayo humwangukia yule anayeonekana, si anayefaidika. Kuiita ujinga hakujaimaliza tangu 1939. Kusoma simulizi kama hoja si kuikubali. Ni kuipa jibu.

4.7 Hitimisho

Uhakiki umeonyesha kwamba kidahizo, taarifa na fomu ni matini za mjadala mmoja kuhusu nani anaweza kusema hapana. Fomu ya ridhaa imepiga hatua kuliko taarifa ya Tinde kwa kumtambua mtoa damu kuwa msomaji, lakini msomaji inayemdokeza bado hajafika Ulyankulu. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vitenzi vya damu na vya uteuzi vihakikiwe na wataalamu wa lugha kabla ya kamati kuidhinisha fomu. Pili, fomu iseme wazi damu inapelekwa wapi, inatumiwa na nani na lini matokeo yatarudishwa kijijini, kwa kuwa hayo ndiyo maswali ambayo simulizi imeyauliza muda wote. Tatu, msomaji aelezwe namna ya kukataa kwa ukamilifu uleule anaoelezwa namna ya kukubali: amwambie nani, kwa maneno gani, na nini kitafuata. Pasipo hayo, dole gumba kwenye karatasi litathibitisha kwamba fomu ilijazwa, si kwamba mtu aliridhia.