Risasi inayogoma kuingia: somo la Moshi, 1915

Aliyezoea gobori hajui adha ya risasi inayogoma kuingia. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, goroli hufuata, kisha vyote hushindiliwa. Baruti ikizidi kidogo au ikipungua kidogo, bunduki hulia vilevile. Kwa kazi hiyo jicho la mhunzi lilitosha, na Karagwe ilikuwa na wahunzi hodari enzi za watawala wake wa Bweranyange. Bunduki ya ganda la shaba ina masharti mengine. Chemba yake imechongwa kwa kipimo kimoja, na tofauti ndogo sana huweza kulizuia ganda lisikae.

Ndiyo maana kazi iliyofanyika Moshi mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, inastahili kuchambuliwa kama kazi ya ufundi. Aprili mwaka huo meli ya Kijerumani Rubens, iliyojibadilisha ikajiita Kronborg ya Denmark, ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth katika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena ya bunduki na risasi iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Baruti na fataki zikazidi kuharibika, na risasi zisizolipuka zikawa nyingi. Wakati huohuo bandari zilikuwa zimezingirwa, Mto Kagera ulikuwa uwanja wa mapambano, na mwezi Juni Waingereza walivuka Ziwa Viktoria wakaishambulia Bukoba. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, zenye baruti ya moshi iliyoonyesha mahali mpigaji alipo. Risasi za meli hazikuwa za kutupwa.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alieleza katika kumbukumbu zake jinsi kazi ilivyokwenda. Askari na wapagazi waliopatikana walishinda Moshi kutwa, kwa miezi, wakifungua risasi, wakisafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki kwa nyingine zilizokuwemo nchini, ingawa zilikuwa za aina tofauti.

Risasi zinapounganishwa upya ndipo penye hatari ya kukaza, na fundi huitafuta sehemu kwa sehemu. Ya kwanza ni kichwa cha risasi. Kikirudishwa bila kuzamishwa vya kutosha, ubavu wake wa mbele hugusa mifuo ya mtutu kabla bolti haijafunga. Ya pili ni shingo na bega la ganda. Kichwa kikisukumwa kwa nguvu katika shingo iliyobana au iliyopinda, bega huvimba kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, nalo ndilo linalokutana na chemba kwanza. Ya tatu ni fataki: isipozama hadi chini ya uso wa kitako, husukumana na uso wa bolti. Ya nne ni kutu ya kijani, ambayo maji ya chumvi huiotesha juu ya shaba.

Namna ya kuzitofautisha kasoro mbili za mwanzo ni rahisi. Paka ganda na kichwa chake masizi au wino, liingize taratibu katika bunduki isiyo na kitu kingine, kisha litoe ulitazame. Wino ukifutika kwenye kichwa, kosa ni urefu. Ukifutika begani, kosa ni umbo. Mkaguzi mwenye subira hufanya hivyo kwa risasi isiyo na baruti wala fataki hai.

Moshi walikuwa na faida moja kubwa: maganda yao hayakuwa yamewahi kupigwa, kwa hiyo umbo la kiwandani lilikuwa bado lipo. Ganda lililokwisha kupigwa hutanuka likafuata chemba ya bunduki iliyolipiga. Lisiporudishwa umbo lote, bega likiwemo, huingia vizuri katika bunduki ile na kugoma katika jirani yake. Hilo ndilo chimbuko la malalamiko mengi ya wanaojaza risasi upya leo, na mara nyingi lawama huangukia baruti isiyohusika.

Kosa kubwa zaidi ni kulazimisha. Bolti ya bunduki aina ya Mauser ina nguvu ya kukaza inayoweza kulisukuma ganda lisilokaa sawa. Mpigaji huhisi mkono umekaza kidogo, akapiga. Kumbe kichwa kimesukumwa ndani ya ganda na shinikizo limepanda, au ganda limenasa na halitoki tena.

Uamuzi mwingine wa Moshi ni wa kuigwa. Hawakujifanya kuwa risasi zote zimepona. Zilizobaki nzima kutoka akiba ya zamani zilitengwa kwa bunduki za rashasha, kwa kuwa rashasha ikikwama katikati ya mapigano ni hasara kubwa. Zilizokarabatiwa ambazo takriban asilimia 20 hazikulipuka zilikubaliwa kwa vita; zilizozidi hapo zikawa za mazoezi. Kipimo kiliandamana na kazi.

Anayemiliki bunduki kwa kibali leo Karagwe au Kyerwa hana sababu ya kujaza risasi upya uani, na sheria ya silaha na risasi ya 2015 haimruhusu kujiamulia. Lakini anachopaswa kukijua ni hiki: risasi inayokaza haipigwi. Itoe, iweke pembeni, mpe fundi mwenye kibali. Na sifa ya kazi ya Moshi isiishie kwa jenerali aliyeiandika. Walioifanya, askari na wapagazi kutoka pande nyingi za nchi hii, walishika kila ganda kwa mikono yao.