Cicero na uzee: neno alilolitaja akalipita mbio

Kati ya vitabu vya Kilatini vinavyosomwa katika seminari, kuna kimoja kifupi na kizuri sana: «Cato Maior de Senectute», yaani kitabu cha Cicero juu ya uzee. Wengi wetu tulikisoma tukiwa vijana, na shida yetu kubwa ilikuwa kutafuta kitenzi mwishoni mwa sentensi. Uzee wenyewe ulikuwa jambo la watu wengine. Siku hizi tumekisoma tena, maana kila juma twaitwa kwenye nyumba za wazee, na mara nyingi twatoka bila kujua kama tumewafaa. Je, Cicero anaweza kutusaidia? Twajibu: ndiyo, na sana. Lakini kuna neno moja kubwa alilolitaja akalipita mbio, na neno lile ndilo wazee wetu wanalolilia.

Kwanza tukumbuke habari yenyewe. Cicero aliandika kitabu hiki mwaka 44 kabla ya Kristu, akiwa na miaka 62. Binti yake mpenzi, Tullia, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na utawala wa Caesar ulikuwa umemwondoa katika mambo ya serikali. Basi, mwenye kuandika alikuwa mtu mwenye majonzi. Hasemi kwa kinywa chake mwenyewe. Anamsemesha Cato, mzee wa miaka 84, mbele ya vijana wawili, Scipio na Laelius. Cato anataja sababu nne zinazowafanya watu kuuchukia uzee: unamtoa mtu kazini, unadhoofisha mwili, unamnyima anasa, tena uko karibu na kifo. Kisha anazijibu moja moja.

Majibu yake ni ya mtu mwenye akili. Juu ya kazi asema ya kuwa mshika usukani hapandi mlingoti, lakini safari yote yamtegemea yeye. Juu ya akili, anatukumbusha Sophocles, ambaye watoto wake walimpeleka mbele ya waamuzi ili anyang'anywe mali, wakidai ya kuwa akili zimempotea. Mzee akawasomea mchezo aliokuwa anautunga, naye akaachiliwa. Tena asema ya kuwa ukali na manung'uniko ni makosa ya tabia, si ya uzee. Maneno hayo twapaswa kuyashika. Mara ngapi tumesema, «Mwacheni, ni mzee tu,» kana kwamba mzee hawezi tena kutubu wala kujifunza? Cato mwenyewe alijifunza Kigiriki uzeeni.

Lakini tumtazame huyo Cato vizuri. Anakaa wapi, na nani? Asema ya kuwa kule shambani kwake meza inajaa majirani, nao wanazungumza mpaka usiku. Vijana wa jamaa kubwa wanakuja kumwuliza maswali. Akitaka mfano wa mzee hodari, anamtaja Appius Claudius: kipofu, kweli, lakini mwenye wana wanne wenye nguvu, mabinti watano, na nyumba kubwa inayomtii. Cicero asema ya kuwa furaha ya uzee inatoka ndani ya moyo wa mtu. Walakini mifano yake karibu yote ni ya wazee waliozungukwa na watu. Hoja yake ni moyo wa mzee. Mashahidi wake ni wale wanaoketi pamoja naye.

Cicero aliona hatari hiyo. Anamfanya Laelius aulize: pengine uzee wako ni mwepesi kwa sababu una mali na heshima? Cato akubali ya kuwa katika umaskini mkubwa hata mwenye hekima hauoni uzee kuwa mwepesi. Lakini mpumbavu, hata akiwa tajiri, utamlemea. Kisha mazungumzo yanaendelea. Sisi twasimama hapo. Swali lile lilistahili nusu ya kitabu, nalo limepewa mistari michache!

Tena kuna jambo zito zaidi. Cato wa kweli, yule aliyeishi Roma, aliandika kitabu juu ya kilimo. Ndani yake anamshauri mwenye shamba auze vitu visivyofaa tena, na kati ya vitu hivyo anamhesabu mtumwa mzee na mtumwa mgonjwa. Plutarchus alimlaumu vikali kwa neno hilo. Basi huyo aliyepewa maneno mazuri kuliko yote juu ya heshima ya wazee hakuwa na mahali pa mzee asiye na nguvu wala ukoo. Na wajane wazee, je? Katika kitabu cha Cicero hatusikii sauti yao hata kidogo.

Wataalamu wa leo wamelijaza pengo hilo kwa sehemu. Tangu mwaka 1938 waganga wa Harvard huko Marekani wamewafuata watu walewale kutoka ujanani mpaka uzeeni. Mwanzo walikuwa wanaume tu, wa Boston na wa chuo chenyewe, na hatuwezi kusema wanafanana na watu wetu katika yote. Lakini waligundua jambo la kufikiri: waliokuwa na urafiki na ndoa za kuwaridhisha walipofika miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema kwenye miaka 80. Naye Laura Carstensen alionyesha ya kuwa mtu akiona siku zake zimepungua, hawatafuti tena watu wengi. Anawashika wale wachache wa moyoni. Kwa hiyo mzee asiyekuja mkutanoni huenda hana kiburi. Amechagua tu. Lakini mwenye rafiki watatu, akifiwa na mmoja, amepoteza theluthi ya dunia yake.

Hayo yatuhusu sisi mapadri, makatekista na waseminari. Twapeleka Komunyo Jumapili, twasali haraka, twaondoka. Juma lijalo anakuja mtu mwingine. Mzee amepewa Sakramenti, na hilo ni kubwa kuliko yote, lakini hakupewa mwenzake. Afadhali mtu mmoja yuleyule, anayejua majina ya watoto wake walio Kolwezi au Goma, na anayeketi mpaka hadithi iishe. Na afadhali zaidi tukienda kuuliza: nani alizaliwa na nani, parokia ilianzaje, neno fulani la wakubwa maana yake nini. Mzee anayeulizwa anasimama tena kwenye usukani.

Jambo hili si adabu tu. Katika nchi yetu wako wazee wanaoitwa wachawi kwa sababu wameishi kuliko watoto wao. Katika Kivu ya Kusini, mwaka 2021, wanawake kadhaa waliuawa kwa neno hilo. Anayeshtakiwa kwanza ni yule asiye na mtu wa kusimama upande wake. Moyo wake waweza kuwa safi kuliko wa Cato, usimwokoe. Mlango unaopigwa hodi kila juma na katekista si rahisi kuvunjwa usiku.

Mtakatifu Luka anatuonyesha mzee mwingine wa miaka 84: Anna, binti Fanueli. Hana shamba, hana wageni wakubwa, ni mjane. Lakini yupo hekaluni kila siku, na watu wanaongojea ukombozi wanamsikia akisema habari za Mtoto. Cato alipewa wasikilizaji na cheo chake; Anna alipewa na jamaa ya waamini. Hapo ndipo Cicero hakufika.

Hata hivyo tusikitupe kitabu chake. Kuna hadithi ndani yake yenye kutuhukumu. Mzee mmoja aliingia katika mchezo huko Atene, na hakuna mwenyeji aliyempa nafasi. Alipofika penye wajumbe wa Sparta, wote wakasimama ili aketi. Watu wote wakapiga makofi. Ndipo mmoja akasema ya kuwa Waatene wanajua lililo jema, ila hawataki kulitenda. Sisi nasi, mithali juu ya wazee tunazijua zote, na makofi tunapiga. Nani atasimama?