Sam Ntiro na migomba yake

Mtoto wa Chemba hahitaji kuambiwa kuwa uchoraji ni sanaa ya kale. Jirani tu, Kondoa, miamba yenye michoro iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Uchoraji wa kisasa wa rangi za mafuta ndio uliohitaji waasisi, na mmoja wao ni Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyezaliwa 1923.

Makerere alifundishwa na Margaret Trowell, kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade, London. Angeweza kurudi na mtindo wa Ulaya mkononi. Alirudi na migomba yake: watu wadogo wadogo wakivuna, wakijenga, wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ya pombe ya bibi harusi, ya 1956, imo kwenye Jumba la Sanaa za Kisasa, New York. Ukiipitia haraka utaiona ya kitoto (wengi hukosea hapo). Itazame tena uone jinsi kijiji kizima kinavyosogea kama mwili mmoja.

Uhuru ulipokuja akawa mwakilishi wa Tanganyika London. Hakuacha brashi.

Walimu wa Chemba, mkiwapeleka watoto Kolo kuona miamba hiyo ya Kondoa, wasimulieni na Ntiro.