Pingu, Mafuta ya Mbuzi na Barabara ya Keroka

Jambazi wetu alitoroka saa kumi usiku, na hakuna mchezaji aliyelalamika. Kwa mtu anayeongoza michezo ya kuigiza ya mezani hilo si jambo dogo. Mwaka uliotangulia nilimtorosha mwingine, kidogo tu kundi livunjike.

Mara hiyo ya kwanza nilirusha dadu nyuma ya daftari, nikatangaza 19. Haikuwa 19. Wachezaji wanne walikuwa wametumia Jumamosi tatu kumsaka yule mtu kutoka Tabaka hadi majabali ya Manga. Mmoja akaniuliza, “Mwalimu, tungefanya nini ili asitoroke?” Nikakosa jibu.

Swali hilo ndilo kipimo changu siku hizi. Kama lina jibu, na wachezaji wangeweza kuliona wenyewe, basi mhalifu na aende zake.

Tunacheza Dungeons & Dragons, kanuni za 2014, na ramani yetu ni Kisii na Nyamira zilizogeuzwa falme mbili zisizopikika chungu kimoja. Kwa kanuni hizo, kuchomoka kwenye pingu kunataka jumla ya 20: dadu ya pande ishirini ukijumlisha wepesi wa mhusika. Jambazi huyu, tuliyemwita Kisigino, alikuwa na nyongeza ya 3. Alihitaji 17 kwenda juu, yaani asilimia 20 kwa jaribio moja. Ukiishia hapo utadhani amekwisha. Lakini kanuni haisemi anajaribu mara ngapi! Akijaribu mara tano, uwezekano unafika asilimia 67. Mara nane, 83. Pingu hazimzuii mtu, macho ndiyo yanayomzuia. Basi nikatangaza mapema, kila mtu akisikia: kila saa inayopita bila mtu kumtazama, anajaribu mara moja.

Sasa mafuta. Jioni ile, ndani ya mchezo, Kisigino alisukuma ugali kando akaomba kipande cha mafuta ya mbuzi. Wakaangua kicheko, mfungwa naye anachagua kitoweo, wakampa. Sikuongeza neno. Mafuta kwenye vifundo vya mikono yalimpa haki ya kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa: asilimia 36 kila jaribio. Angeweza kunyang'anywa kile kipande kwa sentensi moja tu.

Wakaweka mlinzi, kisha wao wenyewe wakamwita ndani awaamulie ugomvi wa ngawira. Ugomvi ulikula saa tano za usiku wa mchezo. Kwa majaribio matano yenye mafuta, hesabu ni asilimia 89, na bado ningekubali ashindwe zote.

Dadu nilizirusha ndani ya sufuria tupu katikati ya meza, maana mvua ilikuwa inapiga mabati na nilitaka zisikike. Jaribio la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La tatu, 15 na 16. Mmoja alishaanza kupumua. La nne likatoa 6 na 18.

Alipotoka sikumpa farasi wala uchawi. Aliacha ngawira yote, akaacha pingu zinanuka mafuta, akakimbilia Keroka. Keroka halisi imekalia mpaka wa kaunti hizi mbili. Kwetu barabara ya sokoni ndiyo mpaka wa falme, na tangu kikao cha kwanza wachezaji walijua hati yao ya kukamata inaishia hapo. Walimkimbiza wakamwona mgongo akivuka.

Ipo michezo, kama Mutants & Masterminds, inayomruhusu kiongozi amwachie mhalifu kwa amri, ila awalipe wachezaji pointi za ushujaa. Ni uungwana, lakini mimi napendelea kutodaiwa.

“Tungefanya nini?” yule yule akauliza tena, safari hii akiwatazama wenzake. Wakajibizana wenyewe karibu nusu saa, mlinzi, mafuta, mlinzi tena, hadi chai ikapoa. Sasa kila sahani ya mfungwa inakaguliwa. Kisigino yuko ng'ambo ya barabara, anauza ndizi.