Umbopa wa Kitabu na Umbopa wa Sinema

Sisi tuliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani katika Kiswahili cha Frederick Johnson, kilichopigwa chapa mwaka 1929, twamjua Umbopa kabla ya kumwona. Aomba kazi kwa Wazungu wala hataki mshahara; njia ndefu yapita, ndipo aonyeshapo nyoka aliyechanjwa kiunoni, alama ya ufalme wake.

Katika filamu ya mwaka 1937 Umbopa ni Paul Robeson, Mmarekani mweusi ambaye baba yake alizaliwa utumwani. Twakiri kwamba twampenda mno, labda kupita kiasi. Sauti yake ni kama ngurumo itokayo Meru, na asimamapo wenzake huonekana wadogo. Lakini wenye filamu wameingiza binti wa Kizungu amtafutaye baba yake, naye kitabuni hayumo kabisa.

Mwenzetu mmoja hapa Arusha, asiyekisoma kitabu, alikumbuka nyimbo na yule binti. Umbopa alitaka nini, hakukumbuka. Hatukumcheka. Kitabuni Umbopa ataka kiti cha baba yake, na kabla ya vita aahidi kwamba mtu hatauawa pasipo hukumu. Tulimwazima kitabu chetu. Hata leo hajakirudisha.