Nani Aliyeua? Sarufi ya Kumbukumbu za Vita Kasese na Bwera

Waswahili husema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wilayani Kasese, magharibi ya Uganda, ngoma ya historia ina wawambaji wengi. Makala haya hayakusudii kuamua nani mkweli. Yanahakiki maneno ya Kiswahili ambayo sisi walimu na wanafunzi hutumia tunaposimulia vita vya huko, maana aghalabu maneno hayo hutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Tuanze na neno mwasi. Katika miaka ya 1950 mwalimu wa shule, Isaya Mukirania, alianzisha chama cha kuchunguza historia na maisha ya Wakonzo, jamii iliyowekwa chini ya ufalme wa Tooro wakati wa ukoloni. Ilipofika 1962 utafiti huo ulikuwa umezaa siasa: viongozi wa Wakonzo na Waamba walitaka kujitenga na Tooro, na vita vya Rwenzururu vikaendelea milimani hadi 1982, mwanawe Mukirania, Charles Wesley Mumbere, alipokubali kuweka silaha chini. Je, hao walikuwa waasi? Kuasi ni kukataa kumtii mwenye haki ya kutiiwa, na haki ya Tooro ndiyo hasa iliyokuwa ikibishaniwa. Anayesema "waasi" ameshahukumu.

Hata hivyo, anayesema "mashujaa" tu naye amehukumu. Neno hilo huwaacha nje Watooro waliouawa au kufukuzwa makwao na wapiganaji hao. Huwaacha pia Waamba wengi, ambao jamii yao ilianza safari pamoja na Wakonzo lakini wao hawakutaka kuwa raia wa mfalme wa Rwenzururu, ufalme ambao serikali iliutambua rasmi mwaka 2009.

Neno la pili ni mapigano. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016, vikosi vya serikali vilikabiliana na walinzi wa kifalme mjini Kasese, kisha vikashambulia ikulu ya Mumbere. Askari polisi wasiopungua 14 waliuawa, na kwa upande wa pili watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Wengi wetu huyaita "mapigano ya Kasese". Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba neno hilo limetokana na pigana, kauli ya kutendana: mimi nakupiga, nawe wanipiga. Mtoto aliyeuawa ndani ya ua wa ikulu alipigana na nani? Kwa upande mwingine, polisi aliyeuawa kituoni naye hatendewi haki na msimulizi anayeyataja mauaji ya ikulu peke yake.

Neno la tatu ndilo gumu zaidi: kupoteza maisha. "Watu wengi walipoteza maisha Kasese." Tuichanganue sentensi hii. Kiima ni watu. Kitenzi ni walipoteza. Kisarufi, mtenda ni marehemu mwenyewe, kana kwamba uhai ulimdondoka mfukoni kama noti sokoni Mpondwe. Aliyeshika bunduki hayumo.

Sasa tulinganishe na Bwera. Usiku wa 16 Juni 2023, ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, huko Mpondwe, wakawaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Hapa hatusiti: "ADF waliwaua wanafunzi." Mtenda yupo, kitenzi kipo, mtendwa yupo. Kumbe sarufi tunaijua! Hunyooka muuaji anapokuwa adui wa wote, hupinda anapokuwa mwenye cheo, au mwenzetu.

Atakuwepo wa kusema kwamba mwalimu wa Kasese ana sababu ya kuogopa. Ni kweli, na hatumlaumu. Darasani mwake huenda wamekaa dawati moja mtoto wa mlinzi wa kifalme na mtoto wa polisi. Lakini ni watoto hao hao wanaohitaji lugha ya kuulizana. Mahakama haikuwasaidia: mashtaka dhidi ya Mumbere yalifutwa Juni 2023 kabla kesi haijafika mwisho, naye akarudi Kasese Oktoba mwaka huo. Uamuzi huo ulileta nafuu, lakini haukujibu swali la nani alimuua nani.

Jambo hili linatuhusu hasa sisi wa Kiswahili. Nchini Uganda lugha yetu ilichukiwa kwa miaka mingi kwa sababu wengi waliisikia kwanza kwa mtu mwenye bunduki. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Itakuwa aibu ikiingia madarasani ya Bwera ikiwa lugha ya kuficha aliyeshika bunduki.

Tunapendekeza zoezi dogo katika kipindi cha kauli za vitenzi. Andika ubaoni: walipoteza maisha, waliuawa, fulani aliwaua. Waulize wanafunzi kila sentensi inamtaja nani na inamwacha nani. Kisha waitumie orodha hiyo kwa wafu wa pande zote: wa Tooro, wa ikulu, wa vituo vya polisi, wa Lhubiriha. Atakayeona ugumu kwa upande mmoja tu, ajiulize ngozi anaivutia wapi.